Mbwa anayelia kizimbani

*Marekani humzoesha mbwa kulala kwenye kizimba tangu utotoni. Sweden sheria hairuhusu afungiwe humo nyumbani. Afrika Mashariki, ambako mbwa wengi hushinda ndani ya banda lililotiwa kufuli, ubishi huo una mengi ya kutufundisha.*

Saa nane za usiku, ghorofa ya tatu, Kilimani, Nairobi. Mtoto wa mbwa wa wiki tisa, aliyetenganishwa na mama yake asubuhi ya siku hiyo na kuletwa mjini ndani ya boksi, amefungiwa kwenye kizimba cha nyaya katikati ya sebule. Taa zimezimwa na mlango wa chumba cha kulala umefungwa. Ana dakika arobaini analia.

Jirani wa chini ameshagonga dari kwa mpini wa ufagio. Wenye mbwa wamekodoa macho gizani, kila mmoja na ushauri aliopewa na watu: mwache alie, atachoka, usimwache, atapata kichaa, mfunike, mkaripie, mpige kofi dogo la pua. Kesho mwenye nyumba atapigiwa simu, na huenda mbwa akarudishwa alikotoka kabla hajamaliza wiki.

Zamani, mbwa alipolala uani, tatizo hili halikuwa letu. Leo watu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanahamia maghorofani, na baadhi yao wanataka kuishi na mbwa ndani. Kizimba cha chuma cha kukunja kinapatikana madukani, ila kinauzwa bila maelezo. Mnunuzi hukikunjua, humsukumia mbwa ndani, hufunga komeo na kusubiri kimya.

Kimya hakiji, na sababu zake zinajulikana vizuri kwa wanaochunguza tabia za wanyama. Zinajulikana pia njia za kumsaidia mbwa atulie. Ni za polepole, hazihitaji fedha nyingi, na zinaanza mlango wa kizimba ukiwa wazi.

Marekani ndiyo, Sweden hapana

Kizimba kilianza kama chombo cha kusafirishia mbwa na cha kumpumzishia kwenye maonyesho. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 kikaingia sebuleni, hasa Marekani, ambako leo wafugaji, wakufunzi na madaktari wengi wa mifugo hukihesabu kuwa kifaa cha lazima kwa mtoto wa mbwa. American Kennel Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1884, kinakipendekeza waziwazi.

Hoja yao kubwa ni usafi. Mtoto wa mbwa akifika wiki ya tatu hivi huanza kujikokota nje ya malalo yake ili ajisaidie mbali na anapolala. Akiwekwa mahali padogo panapomtosha kulala tu, hujizuia mpaka atolewe, na mwenye nyumba hupata nafasi ya kumpeleka nje kwa wakati. Hoja ya pili ni usalama: mbwa aliye kizimbani hatafuni waya wa umeme wala hali sumu ya panya iliyowekwa chini ya sinki.

Upande wa pili haukubali. Shirika la kutetea wanyama la PETA, la huko huko Marekani, linasema kumfungia mbwa kwenye kizimba ni kumfanyia ukatili kwa sababu ya uvivu wa binadamu. Sweden imekwenda mbali zaidi ya maneno. Sheria yake mpya ya ustawi wa wanyama ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2019, na kanuni za Bodi ya Kilimo ya nchi hiyo haziruhusu mbwa kufungiwa kizimbani nyumbani. Safari, maonyesho na mambo mengine ya muda yana ruhusa yake. Kizimba ambacho mbwa huingia na kutoka apendavyo hakina neno. Aidha, mchana mbwa lazima atolewe nje angalau kila baada ya saa sita. Finland nayo inaruhusu kizimba kwa usafiri, ugonjwa au sababu nyingine ya muda mfupi.

Kwa hiyo mbwa yule yule, mwenye damu ile ile, akifungiwa usiku mzima mjini Chicago amelelewa vizuri, na akifungiwa vivyo hivyo mjini Stockholm mwenye mbwa amevunja kanuni.

> Mbwa huyo huyo akifungiwa Chicago amelelewa vizuri. Akifungiwa Stockholm, mwenye mbwa amevunja kanuni.

Watetezi wa kizimba hupenda kusema kwamba mbwa ni mnyama wa pangoni, kwamba damu yake inamwita mahali padogo penye giza. Hoja hii ina ukweli nusu. Mbwa mwitu na mbwa wa mitaani hutumia pango wakati wa kuzaa na kulea, kisha huliacha. Watafiti wa mbwa wa mitaani nchini India, wakiwa na Anindita Bhadra, walichapisha mwaka 2016 uchunguzi ulioonyesha jinsi mama anavyotafuta pango la kuzalia karibu na makazi ya watu. Watoto wakikua, familia nzima hulala nje. Na pango lolote lile halina komeo kwa nje. Mbwa hupenda mahali palipojificha pa kujilaza, hilo ni kweli, na ndiyo maana wengi huenda chini ya meza au uvunguni mwa kitanda. Kufungiwa ni jambo jingine, na hulizoea kwa kufundishwa.

Kilio kinatoka wapi

Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller walitoa kitabu kilichotokana na miaka mingi ya kuchunguza mbwa katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine. Walieleza kipindi ambacho mtoto wa mbwa hujenga uhusiano na walio karibu naye, kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi. Ndicho kipindi ambacho watu wengi humchukua mtoto wa mbwa kutoka kwa mama. Anaingia nyumba mpya akiwa katika umri wa kushikamana, na jambo la kwanza analofanyiwa ni kuwekwa peke yake gizani.

Jaak Panksepp, mwanasayansi wa ubongo aliyezaliwa Estonia na kufanya kazi Marekani, aligusa jambo hili kwa njia ya kemia. Mwaka 1978 yeye na wenzake waliripoti kwamba dozi ndogo za mofini zilipunguza kilio cha watoto wa mbwa waliotenganishwa na wenzao. Upweke na maumivu vinapita njia zinazokaribiana ndani ya ubongo. Anayesema kibwa analia kwa kiburi au kwa ujanja hajaelewa. Analia kwa sababu kuachwa kunamuumiza, na kwa sababu katika maisha ya mababu zake aliyenyamaza baada ya kupotea hakupatikana.

Pamoja na hayo, vilio havifanani, na kazi ya kwanza ya mwenye mbwa ni kuvitofautisha. Kuna kilio cha haja. Kibofu cha mtoto wa mbwa ni kidogo. Wakufunzi hukadiria saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, yaani wa miezi mitatu hawezi kujizuia zaidi ya saa tatu hivi za mchana. Aliyelala kimya kisha akaamka saa tisa usiku akihangaika huenda anaomba kutoka tu.

Kuna manung'uniko ya kukatishwa hamu, ya mbwa anayewasikia watu wakicheka jikoni naye hayumo. Hubweka, hukoma, husikiliza, hubweka tena. Mwili wake haujakakamaa, na ukimrushia kipande cha maini hukila.

Halafu kuna hofu kuu, na hii ndiyo ya kuogopwa. Mbwa huhema ingawa hakuna joto, hudondosha mate mpaka kifua kinalowa, huchimba pembe za kizimba, huuma nyaya mpaka ufizi unatoka damu. Chakula kitamu kinabaki pale pale. Madaktari wa mifugo hutibu meno yaliyovunjika na kucha zilizong'oka kwa mbwa wa aina hii. Hapo hakuna mafunzo ya kizimba tena, na habari zake zitafuata hapa chini.

Mlango ukiwa wazi

Mbwa hujifunza kutulia kizimbani mchana, si usiku, na hujifunza mlango ukiwa wazi. Watu wengi hukosea hapo kwa sababu hukumbuka kizimba pale tu wanapotaka kulala au kutoka.

Ukubwa uangaliwe kwanza. Mbwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale ubavu akiwa amenyoosha miguu. Kwa mtoto atakayekua, kinanunuliwa cha ukubwa wa baadaye na kuwekewa kizuizi katikati kinachosogezwa kadiri anavyoongezeka. Nafasi ikiwa kubwa mno, atageuza upande mmoja choo. Chini patandikwe kitu laini. Khanga au fulana iliyovaliwa na mwenyeji wake, isiyofuliwa, inasaidia, kwa maana mbwa hutambua watu wake kwa pua. Kola ivuliwe kabla hajaingia, kwa sababu inaweza kunasa kwenye waya na kumnyonga.

Kisha mlango ufunguliwe, uzuiwe kwa kamba usije ukajibamiza, na mbwa aachwe akichunguze. Dagaa mmoja mkavu mlangoni. Mwingine hatua moja ndani. Mwingine mwisho kabisa. Asisukumwe wala asivutwe. Akiingia na kutoka mara hiyo hiyo, ni sawa. Amelipwa kwa kuingia na amegundua kwamba kutoka hakukatazwi. Siku hiyo na inayofuata bakuli lake la chakula liwekwe humo humo, mlango ukiwa bado wazi. Uji mzito wa ugali uliochanganywa na mchuzi usio na chumvi, ukajazwa ndani ya mpira wenye tundu, humfanya alambe kwa dakika nyingi, na kulamba na kutafuna humtuliza mbwa. Anayetumia siagi ya karanga asome karatasi ya mkebe, isiwe imetiwa zailitoli, sukari bandia ambayo ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kamwe, huvunjika vipande vyenye ncha.

Mbwa akishaingia mwenyewe kwa furaha, ndipo mlango unarudishwa akiwa anakula, na unafunguliwa kabla hajamaliza. Sekunde tano. Sekunde kumi. Tatu. Ishirini. Nne. Muda haupandi kila mara, kwa kuwa mbwa akigundua kila zamu ni ndefu kuliko iliyopita, ataanza kuikwepa. Mtu akae karibu kwanza, akisoma au akichambua mchele, kisha asogee hatua moja, kisha aende chumba kingine na kurudi kabla mbwa hajaanza kulia. Kurudi *kabla* ndiko kiini cha kazi yote. Kila akifungiwa bila kuogopa, mbwa hujifunza kwamba mlango ukifungwa hufunguliwa.

> Kila akifungiwa bila kuogopa, mbwa hujifunza kwamba mlango ukifungwa hufunguliwa.

Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huunganisha ishara na kinachofuata. Mlio wa funguo, viatu vya kazini, zipu ya mkoba, vyote ni ishara za kuachwa. Vinaweza kupozwa. Mwenye mbwa ashike funguo kisha aketi kunywa chai, avae viatu kisha akae kwenye kochi, mpaka mambo hayo yasimaanishe lolote.

Uchovu mzuri nao una nafasi yake. Mbwa aliyetembezwa na kuachwa anuse nyasi na kona za mtaa, kisha akajisaidia, kisha akapewa cha kutafuna, yuko tayari kulala. Aliyeshinda ndani bila kazi hayuko tayari, hata kizimba kiwe cha thamani gani. Inafaa kukumbuka kwamba watoto wa mbwa hulala saa 18 au zaidi kwa siku na wakubwa saa 12 hadi 14. Mara nyingi mtoto anayeuma miguu ya watu na kukimbia ovyo jioni anahitaji usingizi.

Muziki umechunguzwa pia. Deborah Wells wa Belfast aliona mwaka 2002 kwamba mbwa wa kituo cha uokoaji walitulia zaidi waliposikia muziki wa klasiki, na wakahangaika kwa muziki wa heavy metal. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Glasgow na shirika la SPCA la Scotland waliripoti kwamba rege na roki laini vilipunguza dalili za msongo. Redio yenye sauti ya chini inatosha, hasa pale inapofunika makelele ya ngazini.

Aachwe alie, au asiachwe?

Ubishi mkali zaidi uko hapa. Wakufunzi wa zamani wanashikilia kwamba mbwa asijibiwe akilia. Wana msingi: B. F. Skinner na Charles Ferster walionyesha mwaka 1957, kwa majaribio mengi, kwamba tendo linalolipwa mara moja moja hudumu kuliko linalolipwa kila mara. Mwenye mbwa akivumilia nusu saa kisha akashindwa na kufungua mlango kilio kikiwa juu kabisa, amemfundisha mbwa kwamba nusu saa ya kulia ndiyo bei ya kufunguliwa. Kesho yake atalia nusu saa na zaidi.

Wakufunzi wa leo hujibu kwamba hesabu hiyo inahusu madai, haihusu hofu. Hofu haipungui kwa kunyimwa malipo. Mbwa aliyeachwa akalia mpaka akazimika kwa uchovu hajajifunza utulivu. Amejifunza kwamba kizimba ni mahali pa kutisha, na kesho ataanza kutetemeka akikiona.

Kwa maoni ya mwandishi, hawa wa pili wana haki, na ushahidi wa karibuni unaegemea upande wao. Mwaka 2020 Ana Catarina Vieira de Castro na wenzake nchini Ureno walichapisha utafiti wa mbwa 92 waliofundishwa katika shule mbalimbali. Waliofundishwa kwa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na mate yao yalikuwa na kiwango cha juu zaidi cha kotisoli, homoni ya msongo, baada ya mafunzo kuliko ya wale waliofundishwa kwa zawadi. Kumkaripia mbwa kizimbani, kupiga kizimba teke au kumrushia maji kunaongeza kile kile kinachomliza. Kola za umeme zinazomchoma abwekapo zilipigwa marufuku Wales tangu 2010, na hazifai kuletwa kwetu.

Basi yule wa Kilimani afanyiwe nini usiku ule? Kizimba kihamishiwe chumbani, kando ya kitanda, mahali anapoweza kusikia watu wakipumua. Hilo peke yake hutuliza watoto wengi wa mbwa. Akiamka akihangaika, atolewe nje kimya kimya, bila taa kali wala mchezo, ajisaidie, arudishwe. Akinung'unika kidogo, mkono ushushwe karibu na nyaya. Baada ya usiku kadhaa wa utulivu, kizimba kinasogezwa hatua kwa hatua kuelekea mlangoni, kisha korido, kisha kule kitakakokaa. Anayeogopa kumdekeza aelewe kwamba kujitegemea humea juu ya usalama. Mtoto aliyepata usalama wiki ya kwanza huachwa peke yake kwa urahisi mwezi wa tatu.

Banda la mabati

Kizimba cha sebuleni ni habari ya wachache. Kizimba cha wengi katika ukanda huu ni banda la mbao na mabati lililoko nyuma ya nyumba. Mbwa hufungiwa alfajiri na kufunguliwa usiku alinde. Pwani, ambako familia nyingi za Kiislamu hufuata madhehebu ya Shafi na hujikinga na mate ya mbwa, kumweka nje ni jambo la dini na la heshima. Hakuna ubaya wowote katika kumlaza mbwa nje. Tatizo ni saa kumi na mbili za kufuli.

Imani iliyoenea ni kwamba mbwa aliyefichwa mbali na watu huwa mkali. Kwa kweli anakuwa mwoga, na mwoga huuma bila kuchagua: mgeni, mtoto wa jirani, hata anayemletea chakula. Hubweka kwa kila kitu usiku kucha kwa sababu kila kitu ni kigeni kwake, mpaka wenye nyumba wanaacha kumsikiliza. Kwa ulinzi, hiyo ni hasara, kwani mbwa anayejua sauti za kawaida za mtaa ndiye anayebweka pakiwa na jambo.

Joto nalo linaua. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hupoza damu kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, na likipita 41 viungo vyake huanza kuharibika. Bati lililopigwa na jua la saa saba mchana Dar es Salaam au Mombasa hugeuza banda lisilo na upepo kuwa tanuri. Banda linataka kivuli, paa lililoinuliwa ili hewa ipite, sakafu isiyokaa maji, na bakuli zito la maji lisilopinduka. Mafunzo yake ni yale yale ya ndani: mlango wazi, chakula humo, kufungiwa kidogo kidogo, na matembezi asubuhi na jioni.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Shirika la KSPCA jijini Nairobi hupokea wanyama walioteswa na kutelekezwa. Kinachokosekana ni kipimo kilicho wazi cha saa, kama kile cha Sweden, ambacho mwenye mbwa na jirani yake wote wangekielewa. Wabunge na mabaraza ya miji hawahitaji fedha kukiandika.

> Tatizo si kulala nje. Tatizo ni saa kumi na mbili za kufuli.

Safari isiyo na mbadala

Kuna wakati hata mpinzani mkubwa wa kizimba hukihitaji. Mbwa akilazwa kwa matibabu atawekwa humo. Akipanda ndege, atawekwa humo kwa saa nyingi, mbali na sauti anayoijua.

Kanuni za usafirishaji wa wanyama za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinadai kizimba ambamo mbwa anasimama, anageuka na kulala kwa namna yake ya kawaida, chenye matundu ya hewa na vyombo vya maji vinavyofikika. Madaktari huonya dhidi ya dawa za usingizi kwa safari, kwa kuwa huvuruga upumuaji na joto la mwili mahali ambapo hakuna wa kumwangalia. Mbwa wa pua fupi, kama pagi na buldogi, hukataliwa na mashirika mengi kwa sababu hiyo ya upumuaji.

Anayehama kutoka Kenya au Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya lazima amwekee mbwa chipu, amchanje kichaa cha mbwa, apime damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha asubiri miezi mitatu tangu sampuli ichukuliwe. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haimpokei mbwa wa chini ya miezi sita. Muda huo wa kusubiri ndio wa kumzoesha kizimba, dakika kwa dakika. Wengi hukinunua wiki ya safari.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa kwa uangalifu anaweza kutazama mbwa wa kunusa. African Wildlife Foundation ilianzisha mwaka 2014 mpango wenye kituo cha mafunzo Usa River, karibu na Arusha. Mbwa hununuliwa Ulaya, husafirishwa kwa ndege, hufundishwa pamoja na walinzi wao, kisha hupelekwa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona kwenye viwanja vya ndege na bandari. Pua huchoka haraka, kwa hiyo mbwa wa kazi hii hufanya zamu fupi na kupumzika katikati yake. Asiyejua kupumzika kizimbani akiwa amezungukwa na makelele ya mizigo hafai kazi hiyo, hata awe na pua kali namna gani.

Kizimba kinapokuwa kibaya

Kwa mbwa mwenye hofu kuu ya kuachwa, kizimba huongeza hatari. Atajiumiza. Njia ya kumtambua ni rahisi siku hizi: simu iachwe ikirekodi nusu saa ya kwanza baada ya watu kutoka, maana dalili mara nyingi huanza mapema. Video hiyo ipelekwe kwa daktari wa mifugo. Mbwa wa namna hii hufundishwa kuachwa kwa sekunde chache katika chumba kilicho wazi, bila kizimba, na wakati mwingine husaidiwa na dawa. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha fluoksetini ya mbwa kwa tatizo hili, itumike pamoja na mafunzo. Asipewe dawa ya binadamu kwa kukisia.

Kwa aliye mzima, kizimba kinafaa kwa masharti: kisitumike kuwa adhabu, mchana asifungiwe zaidi ya saa nne mfululizo, mtoto apewe pungufu kwa kadiri ya umri wake, na anapoamua kwenda kujilaza humo mwenyewe watoto wa nyumbani wasimfuate. Ambaye nyumba yake hubaki tupu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, asinunue kizimba. Atafute kwanza mtu wa kumtoa mbwa mchana, au aahirishe kufuga. Na mwenye banda lililotiwa kufuli saa hii, aende akafungue mlango, aweke maji safi kivulini, na jioni ya leo aanze zoezi la kwanza kwa ukufi wa dagaa.